Viti Kumi vya Mbele

Tuzo yenyewe ni bure. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwa simu. Mpaka leo asubuhi imekwisha kunigharimu kufulisha koti, kubadilisha soli za viatu, na inite, yaani salio la simu, za kuita ng'ambo mpaka zikaisha. Nimehesabu mara mbili, jumla ni ileile, na gharama kubwa bado haijaingia: natakiwa kuleta watu kumi wangu, wakae mbele siku ya sherehe. Watu wa namna hiyo hawakodishwi. Au tuseme wanakodishwa, na mimi ndiye niliyepatana bei yao hapa Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa mara ya kwanza. Shida yangu iko hapo.

Nilikuwa mtu wa protokole. Vijana wengi wanadhani protokole ni kuvaa kikaratasi shingoni na kusukuma watu mlangoni. Kusukuma kupo, sikatai, lakini ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni viti.

Siku ya kwanza nilifika meri, ofisi ya mji, nikiwa nimevaa tai ya kuazima. Shefu wa Protokole alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye tabia ya kuzungumza huku anatazama miguu ya watu. Alisema sura ya mtu inaweza kukudanganya kwamba ni mkubwa, kwa hiyo anaanza na viatu. Akatazama vyangu, akaguna.

"Weye njo muntu mupya?"

"Ndiyo, Shefu."

"Unajua kuhesabu?"

"Niko na diploma, Shefu."

"Sikukuuliza diploma. Ingia mule, uniambie kuko viti ngapi."

Nikaingia ukumbini, nikahesabu, nikarudi: mia moja na ishirini. "Rudilia," akasema. Nikarudilia, nikapata mia moja na kumi na tisa. Hapo Shefu alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho wiki ile. Kiti kimoja kilikuwa na mguu uliovunjika, kimeegemezwa ukutani kama mgonjwa anayesubiri zamu. Mara ya kwanza nilikihesabu kama kiti.

"Sasa ungekalisha Komanda mule," akasema, "leo weye ungekuwa wapi?"

"Sijui, Shefu."

"Na minye sijui. Kwa hiyo hesabu mara mbili."

Toka siku ile nahesabu kila kitu mara mbili. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hata ndagala, yaani dagaa, kwenye sahani nawahesabu, na alisema kweli.

Shefu alinifundisha preseansi. Hilo ni neno la Kifaransa la kupanga nani atangulie nani: nani aingie wa mwisho, nani aketi katikati, nani atajwe kabla ya nani. Mkubwa kuliko wote huingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, kwa hiyo ndiye anayeona sherehe fupi kuliko wote, na ndiye anayeisifu kuliko wote. Alinifundisha kuweka viti vitatu vya akiba nyuma ya pazia kwa ajili ya wakubwa wasioalikwa, maana hao hawakosi. Alinifundisha kupima hotuba kwa vidole: unamwomba msemaji umshikie karatasi zake kwa heshima, unazibonyeza kidogo, halafu unajua kama chakula kitapoa.

Viti vya kuongezea tulivikodi Kalundu, karibu na bandari, kwa mama mmoja aliyekuwa na viti vya plastiki vingi kuliko serikali. Mara ya kwanza nilipokwenda kwake aliniuliza:

"Ni ya ndoa ao ya kilio?"

"Ya serikali, Mama."

"Hiyo sina bei yake. Serikali inakaa, inasimama, inaenda."

Tulibishana mpaka wabeba mizigo wakasimama kutazama. Niliondoka na viti kwa bei ya kilio, nimeacha saa yangu ya mkononi kama dhamana. Nilijivunia bei ile mwezi mzima, hata pale nilipokuwa nauliza watu saa ngapi.

Baadaye walinipeleka Luvungi, katika uwanda, kwa Bwana Shefu wa Posti, mkuu wa kituo cha utawala cha huko. Huko hapakuwa na ukumbi. Sherehe zilifanyika nje, chini ya bashi, yaani turubai lililofungwa juu ya miti, na mpinzani wetu alikuwa jua. Nilijifunza kwamba kivuli cha bashi hutembea, na mgeni wa kutoka Bukavu huchelewa. Ukiweka kiti chake kwenye kivuli cha saa nne, atafika saa sita akalie moto. Kwa hiyo nilikuwa nakiweka juani, mahali kivuli kitakapofika.

Shefu wa Posti alikuja kukagua mapema, akaona kiti cha mkubwa kinawaka.

"Weye! Kwa nini umeweka kiti ya mukubwa ku jua?"

"Shefu, saa mugeni atafika, pale patakuwa kivuli."

"Na akifika kwa saa yake?"

Tukatazamana. Halafu tukacheka wote wawili mpaka akaegemea mti wa bashi, na bashi ikayumba. Alikuwa bosi mzuri yule. Watu wa kucheka nao kazini ni wachache, nami sikujua wakati ule kwamba ni kitu cha kuhesabu.

Niliporudi Uvira niliitwa na Mama Prezida. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi, na alikuwa anaongoza kamati ya mashirika ya raia iliyoanzisha Tuzo ya Raia. Kila mwaka kamati ilichagua watu waliosimama kutetea haki za wengine. Namkumbuka mama wa soko aliyekataa kulipa kodi isiyo na risiti, kesho yake meza ya jirani ikakataa, mpaka soko zima likawa linaomba risiti. Wengine waliketi na vijiji viwili vilivyokuwa vinagombana mpaka vikapeana mikono. Hawakuwa watu wa viti vya mbele. Wengi wao siku ya sherehe walisimama mlangoni wakiuliza waingie wapi.

Mama Prezida aliniita nyumbani kwake, akanipa chai, akanieleza anachotaka.

"Mbele kabisa, katikati, uniwekee viti kumi kwa kila mwenye kutuzwa. Ya familia yake."

"Mama, mbele ni ya wakubwa. Preseansi inasema..."

"Preseansi ilikuwa wapi wakati huyu muntu alikuwa anafungwa? Nani alibaki na batoto? Nani alipika chakula ya kupeleka kule? Bale njo bakae mbele. Siku moja tu kwa mwaka."

Tena alitaka mwenye kutuzwa asiitwe peke yake. Jina likitajwa, watu wake kumi wainuke, waimbe wimbo wao, wamsindikize kutoka mlangoni, katikati ya ukumbi, mpaka jukwaani, wasimame nyuma yake anapopokea. Kusindikiza ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Karatasi ya tuzo ilikuwa karatasi tu.

Wakubwa walikasirika. Mkurugenzi mmoja alinikamata koti.

"Mimi nikae nyuma ya muuza mihogo?"

"Mukurugenzi, mbele ni plastiki. Nyuma niliwatafutia fotei, na kitambaa juu yake."

Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Fotei ngapi?"

"Ni mbili tu. Moja ninakuwekea tangu asubuhi."

Alikaa nyuma, katika kiti chake cha sofa, na mwaka uliofuata aliuliza mapema kama fotei yake ipo. Hivyo ndivyo utaratibu wa viti kumi ulivyoingia mjini. Baada ya miaka michache watu walisahau kwamba ulikuwa mpya.

Sasa niwaambie ninyi vijana kuhusu kujazia. Kujazia ni kuweka mtu katika kiti kitupu kabla mgeni wa heshima hajaingia. Kila mtu wa protokole anafanya hivyo: unachukua madereva, unachukua wapishi, unawavalisha sura ya waalikwa. Kwa viti vya kawaida ni jambo dogo. Kwa viti kumi vya mbele lilianza siku ya mzee mmoja ambaye mjini walimwita Muzee wa Kasho.

Kasho ni chumba cha kufungia watu kituoni. Mzee yule alikuwa anakwenda huko kila Jumatatu na mwavuli wake, mvua au jua, akisimama mlangoni na kuuliza: nani humu amepitisha saa arobaini na nane bila kuonana na hakimu? Akijibiwa vibaya, alirudi Jumanne. Watu wengi walitoka kwa sababu ya yule mzee kuchosha askari. Kamati ikampa tuzo. Alikuja siku ya sherehe mapema, amepiga pasi shati, ana mwavuli, nyuma yake hakuna mtu. Hakuoa. Nduguze walikuwa mbali upande wa kusini wa ziwa, hata yeye hakujua kama wako hai.

Viti kumi vilikuwa wazi mbele yake kama mdomo usio na meno. Mgeni wa heshima alikuwa dakika chache tu kutoka mlangoni. Katika chumba cha jirani kwaya ya akina mama ilikuwa inafanya mazoezi. Nikaingia.

"Bamama, nataka familia."

"Familia ya nani?"

"Ya ule muzee na mwavuli."

Kiongozi wao, mama mrefu mwenye kitambaa kijani kichwani, akachungulia mlangoni. "Sisi ni ndugu yake upande gani?"

"Upande wa mama yake."

"Aa! Basi tuko bamama badogo. Mama mudogo hatembei bure, Papa Protokole."

"Fanta moja moja."

"Mbili. Moja ya kuimba, moja ya kulia. Ao hautaki tulie?"

"Mulie kidogo."

"Kulia kidogo hakuna. Tunalia ao hatulii."

Nikakubali mbili. Jina lilipotajwa waliinuka kama waliozaliwa naye. Waliimba, walimzunguka, yule wa kitambaa kijani akamshika mkono, akalia machozi ya kweli mpaka nami nikaona bei si mbaya. Ukumbi mzima ulisimama. Mzee alipanda jukwaani katikati ya mama zake wadogo, baadhi yao wadogo kwake kwa miaka thelathini, amekumbatia mwavuli.

Baada ya sherehe alinifuata nikiwa napanga viti vya kurudisha.

"Protokole, yule wa kitambaa kijani, ni wa kwetu wa wapi?"

Nilifungua mdomo kusema uongo, ukakataa kutoka. "Ni wa kwaya, Muzee."

"Najua ni wa kwaya. Nakuuliza anakaa wapi. Nataka kwenda kumusalimia."

Nikamwelekeza. Sijui kama alikwenda. Wakati ule sikuwa mtu wa kuuliza mambo ya watu baada ya viti kurudi Kalundu.

Kutoka hapo kujazia viti vya mbele kukawa sehemu ya kazi. Si kila mwaka, lakini haukupita muda mrefu bila mmoja aliyekuja bila watu. Mtashangaa ni wangapi. Mtu anayesumbua wenye nguvu kwa ajili ya wengine, mara nyingi nyumba yake huchoka kabla yake. Nilikuwa na bei yangu na kwaya, nilijua nani analia vizuri na nani anafaa kuwa shemeji. Niliona ni huruma. Labda ilikuwa huruma. Ilikuwa pia picha nzuri.

Mmoja tu alinikatalia, mama mmoja wa Nyakabere, mkulima. Kule uwandani maji ya mfereji yalikuwa yanafungwa juu na wenye mashamba makubwa, na wanawake wa chini walikuwa wanapanda mchele kwenye vumbi. Mama yule alikwenda ofisi baada ya ofisi kwa niaba yao mpaka mfereji ukafunguliwa kwa zamu. Bahati mbaya waliokuwa wanaufunga walikuwa mashemeji zake. Mume alikuwa amekwisha kufa. Ukoo ukamgeuzia mgongo.

Alifika kwa moto, yaani pikipiki, amekaa ubavu nyuma ya dereva, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, familia iko njiani?" nikauliza.

"Iko Nyakabere."

"Inakuja?"

"Ilisema haiji."

"Hakuna shida, Mama. Niko na bantu."

"Bantu wa nani?"

"Wa kujazia. Banaimba muzuri sana."

Alinitazama kama mtu anayetazama mizani ya mfanyabiashara. "Unataka kunipa bashemeji ba fanta?"

"Mama, viti haviwezi kubaki vitupu. Mugeni wa heshima atasema nini?"

"Aseme. Ile viti si yako na si yangu, ni yao. Iache vile. Siku bakiuliza, weye utakuwa shahidi, utabaambia mahali yao ilikuwako."

Nilijaribu kupatana. Nikasema tujaze vitano. Nikasema vitatu. Mimi niliyekodi viti kwa mama wa Kalundu kwa bei ya kilio, sikupata hata kimoja.

Jina lake lilipotajwa aliinuka peke yake, kule karibu na mlango alikokaa. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi mbele ya viti vile vyeupe vitupu. Tukasikia kandambili zake kwenye sementi, kutoka mlangoni mpaka jukwaani, na ukumbi ule ni mrefu. Makofi yalianza alipokwisha kupokea, yakawa machache, ya watu wanaotazamana kwanza.

Msaidizi wa mgeni wa heshima alilalamika kwamba picha imeharibika. Mama Prezida akamjibu, "Picha ni muzuri. Kila kitu kinaonekana."

Kabla ya kuondoka mama wa Nyakabere alinijia jikoni.

"Chakula ya bale kumi iko wapi?"

"Bale gani, Mama?"

"Bashemeji. Si muliwapangia viti? Hamukuwapangia chakula?"

Nilimpakilia sahani kumi za wali na nyama kwenye ndoo, nikafunika na mfuko. Mvua ilikuwa inaanza. Alipanda moto, karatasi ya tuzo ameifunga ndani ya kitenge, ndoo mapajani. Kama walikula au waliwapa mbwa, sijui. Nimejiuliza jambo hilo mara nyingi kuliko mambo yangu mwenyewe.

Nilistaafu magoti yalipokataa ngazi za jukwaa. Kamati ilinipa redio na maneno mazuri, ambayo niliyapima kwa vidole kabla hayajasomwa. Mama Prezida alikufa muda mfupi baadaye. Halafu akafa mke wangu. Halafu zikaja zile siku za vita ambazo watu wengi wa hapa walivuka mpaka na magodoro kichwani, na watoto wangu wawili, Furaha na ndugu yake, wakavuka pamoja nao. Nilibaki kulinda nyumba, kwa sababu mtu lazima abaki, na kwa sababu ya magoti. Wao walisukumwa mbele mpaka nchi ya tatu. Sasa wako kambini na wajukuu ambao mmoja wao nimemwona kwenye simu tu, tena simu yenye ufa.

Nyumba ina viti sita. Kila siku nakalia kimoja, kesho kingine, ili visizeeke kimoja kimoja. Huo ndio utaratibu wangu wa preseansi siku hizi, na hakuna anayelalamika.

Asubuhi nashuka Kalundu kununua samaki. Nanunua mukeke mmoja kwa Mama Zawadi, mjane mwenye beseni la buluu anayekaa mwisho kabisa wa mstari, mahali ziwa lilipopanda likala nusu ya njia. Samaki mmoja hachukui muda kununua. Sisi tunachukua muda.

"Huyu bei gani?"

"Bei ya jana."

"Jana alikuwa mukubwa."

"Jana alikuwa huyuhuyu, Papa. Weye njo ulikuwa na njaa."

"Punguza."

"Nikipunguza, kesho utakuja kubishana juu ya nini?"

Mara moja nilishikwa na homa, sikutoka siku mbili. Niliporudi alinitukana mbele ya wauzaji wote. "Weye muzee uko na adabu gani? Nimekuwekea samaki jana, nimekuwekea na juzi. Bameoza. Utalipa bote!" Nikalipa mmoja, baada ya mabishano. Nilirudi nyumbani nimefurahi kiasi ambacho kilinitia wasiwasi.

Wiki iliyopita simu ikalia. Alikuwa Neema, msichana niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ndiye mkuu wa protokole wa kamati.

"Papa, shikamoo. Mwaka huu kamati imekuchagua weye."

"Kunichagua kufanya nini? Magoti imekufa."

"Kupokea, Papa. Tuzo. Kwa miaka yote ile ulitumikia."

Nilikaa. Kiti cha zamu ya siku ile, cha karibu na dirisha. Nilisema asante. Nilisema kuna wanaostahili zaidi, kama inavyotakiwa kusema. Halafu Neema, kwa sababu nilimfundisha vizuri, akauliza:

"Familia yako ya kukusindikiza, utanipa majina lini? Viti kumi iko tayari."

"Nitakupa."

"Mpaka Alhamisi, Papa. Serimoni ni Jumamosi."

Niliita watoto. Mara nne simu ilisema haipatikani. Mara ya tano Furaha akaitika, upepo mwingi nyuma yake.

"Papa! Njo muzuri sana! Tungekuwa hapo tungeimba mpaka ukumbi ianguke. Nani atakusindikiza?"

"Bantu bako."

"Banani?"

Inite zikaisha. Sijawahi kushukuru kampuni ya simu isipokuwa siku ile.

Juzi Neema akaita tena. Sikuwa na majina. Akasema kwa sauti ya chini, ile sauti niliyomfundisha ya kusema na watu waliokuja peke yao:

"Papa, bamama ba kwaya wapo. Bapya, lakini banaimba muzuri. Hautatoa kitu, kamati itatoa."

"Unataka kunijazia minye?"

"Papa, si weye njo ulitufundisha?"

"Nilifundisha kwa bantu bengine!"

Alicheka, akafikiri nami nacheka. Nikamwambia basi aache viti vitupu, kama vya mama wa Nyakabere. Akajibu: "Ya yule mama ilikuwa na benyewe, Papa. Bashemeji zake walikuwa wanaweza kuja, wakakataa. Ya kwako itakuwa inangojea nani?"

Nimelifikiria. Watoto wangu hawakukataa. Mke wangu hakukataa. Viti vitupu vya mama yule vilikuwa vinawaambia watu kitu. Vyangu vitasema tu kwamba mzee huyu hana mtu, na mgeni wa heshima atavitazama wakati wote wa hotuba. Na nikikubali kwaya, nitajua kila mmoja analipwa nini kwa kila chozi. Muzee wa Kasho aliweza kushika mkono ule wa kukodi na kuupenda. Yeye hakuwa mtu wa bei.

Jana asubuhi nikashuka Kalundu nikiwa nimepanga maneno. Nilifika kwa Mama Zawadi, nikasimama mbele ya beseni, nikavua kofia. Hilo lilikuwa kosa, maana hajawahi kuniona nimevua kofia.

"Kuko nini? Kuko muntu amekufa?"

"Hapana. Mama, Jumamosi... uko na kazi?"

"Jumamosi ni soko. Kwa nini?"

"Nilikuwa nauliza."

"Unanunua ao unauliza?"

Mstari mzima wa wauzaji ulikuwa umegeuka kutusikiliza. Nikasema nanunua. Nikanunua wawili, kwa bei yake, bila kupunguza hata kidogo. Alizihesabu pesa huku akinitazama kwa wasiwasi mkubwa, akauliza kama homa imerudi.

Leo ni Jumatano. Nimewaeleza ninyi vijana siri zote za kazi, kuhusu kivuli, fotei, karatasi za hotuba, na sikuwaomba chochote. Sasa naomba ushauri, na upesi, kabla Neema hajafunga majina yake kesho. Viti kumi ni vingi, najua. Nitamwambia avitoe tisa. Lakini mwanamke ambaye sijawahi kusemezana naye ila kwa kubishana bei, namwomba vipi akae kwenye kimoja kilichobaki, bila yeye kuuliza ni cha bei gani, na bila mimi kuanza kupunguza?